Wimbo wa Fundi Umeme

Walikutana Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi ulio juu ya maduka, pale watu wanapopanda jukwaani kuimba karaoke huku wenzao wakila chipsi. Msusi ndiyo kwanza alikuwa ameshuka. Sauti alikuwa nayo, tena ya kujaliwa. Kwayani kwao hakuna aliyemfikia. Lakini ukumbi ulimpigia makofi ya adabu tu, ukarudi kwenye soga zake.

Akafuata fundi umeme, kofia ya pama kichwani, shati la maua limeachwa wazi hadi kitovuni. Jamani, yule mtu hajui kuimba. Aliuanza wimbo vizuri, akaenda kuumalizia kusikojulikana, akakata kiuno, akapiga magoti mbele ya mhudumu, na watu wakapanda juu ya viti. Msusi alicheka hadi wanja ukamtiririka. Fundi aliposhuka, alikwenda moja kwa moja mezani kwake.

"Bibiye, wewe una sauti, mimi nina vituko," alimwambia. "Tukichanganya si tunapata mtu mmoja kamili?"

Basi mapenzi yakaanza hivyo, kwa utani. Mchana fundi alimpigia simu saluni na kumwimbia makusudi kama mbuzi aliyebanwa na mlango, msusi akiweka spika ili wateja nao wacheke. Msusi alimpenda, msidhani hakumpenda. Ila moyoni aliona kuimba ni kazi yake yeye, kuchekesha ni kazi ya fundi, na kila mtu abaki kwenye idara yake. Shangazi yake, mwenye saluni, alimuuliza kama huyo bwana ana mpango wa ndoa au ni vichekesho tu. Msusi akaona haya kujibu, maana neno la ndoa ndilo alilokuwa akilisubiri usiku na mchana.

Ikaja Jumamosi moja fundi akapanda jukwaani bila kofia. Shati jeupe, limepigwa pasi, vifungo hadi shingoni. Meza ya mbele alikaa mama mmoja wa makamo, amevaa nguo yake ya kutokea, mkoba mapajani. Fundi alichagua wimbo wa mapenzi, wa taratibu, akasimama wima na kumtazama msusi.

Hakukata kiuno. Aliimba. Vibaya, ndiyo, lakini neno kwa neno, na ukumbi mzima ukanyamaza. Hata mhudumu aliweka trei chini. Walielewa wote. Msusi peke yake, na sikio lake lile la kwaya, alikuwa anasubiri kituko. Fundi alipoifuata noti ya juu, sauti ikampasuka. Msusi akaangua kicheko. Alicheka wa kwanza, na ukumbi ukamfuata.

Fundi aliirudisha maiki mahali pake, akamshika yule mama mkono, wakatoka.

Siku hiyo hakupokea simu, wala iliyofuata. Alipopokea, msusi alikuwa amejifungia stoo ya saluni, kati ya katoni za shampuu, analia.

"Mpenzi, haki ya Mungu nilidhani ni utani. Kila siku unachekesha, ningejuaje?"

"Wengine walijua," alisema fundi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza msusi zaidi. "Wimbo ule nimeufanyia mazoezi juu ya ngazi, kwenye nyumba za watu, mwezi mzima. Nilijua siwezi. Nikasema wewe utanisikia mimi, hutasikia sauti."

Msusi alimsihi. Alisema atarudi ukumbini awaombe radhi wote waliokuwepo. Halafu akakumbuka, akauliza kwa woga yule mama wa meza ya mbele alikuwa nani.

"Mama yangu. Nilimleta aje amwone mkwewe. Tulipofika barabarani akaniuliza, mwanangu, ni yupi? Isiwe ni yule aliyeanza kucheka."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia siye, wangu hakuja. Na nikifikiria, sikumdanganya."