Kata Kulia

Mashine ya boti ya Riyama ilikohoa walipokuwa wanaipita Bumbwini, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Hakuna aliyeogopa. Bahari ilikuwa shwari, na kaka yake Kheir, aliyekuwa mbele na boti ya pili, aligeuza, akamrushia kamba, akaanza kumvuta. Wangechelewa kufika bandarini Malindi, mjini Unguja, basi.

Walikuwa wanatoka Tumbatu kwenye harusi. Kheir alibeba mahema na alikuwa peke yake. Riyama alibeba masufuria makubwa ya pilau, na pamoja naye alikuwamo Nusrat, mke wa Kheir. Nusrat alikataa kupanda boti ya mumewe kwa sababu alitaka kuwasengenya watu wa harusini na wifi yake kwa nafasi, bila mwanamume wa kuwakatiza. Umbea huo nusura umtoe roho.

Kheir ndiye aliyemlea Riyama baada ya wazazi wao kufariki. Alimfundisha kushika usukani, na wajomba walipobwata kwamba mwanamke hawi nahodha, aliwajibu mpaka wakachoka. Riyama alimwamini kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe. Hilo ndilo lililomponza.

Ilikuwa vuli. Maji yalikuwa ya moto, ukitia mkono huhisi tofauti na hewa. Wingu refu lilikuwa limesimama juu ya mkondo, tako lake bapa na jeusi, na upepo ukafa ghafla. Hapo Riyama akaliona doa. Lilikuwa la mviringo, jeusi, limekaa juu ya maji nyuma yao, na mistari ya kung'aa na ya kiza ilikuwa inajikunja kulizunguka. Watu wengi hawalijui doa hilo. Wao hungoja mpaka mkonga ushuke kutoka mawinguni, na wakati huo upepo umeshazunguka kitambo kutoka majini mpaka juu, ila hauonekani kwa kuwa haujapata mvuke wa kuuvaa.

"Wifi, nini kile?" Nusrat aliuliza.

"Chamchela ya baharini. Kaa chini, shika ubao."

Povu likanyanyuka na kufanya pete pembeni mwa doa. Kisha mkonga mweupe ukashuka kutoka winguni, ukajipinda, ukakutana na lile povu. Nusrat alianza kusoma kila sura aliyoijua, akizichanganya.

Kheir naye aliiona. Akakoleza mashine na kukimbia mbele moja kwa moja, na chamchela ikawafuata kwa njia ileile. Ujinga mtupu! Chamchela haikimbiwi kwa kupewa mgongo. Unageuka pembeni uiache ipite, kwa sababu mwendo wake si mkubwa. Kinachoua ni ule mzunguko wake. Riyama alikimbilia mbele ya boti, akapiga kelele mpaka koo likamuuma.

"Kata! Kaka, kata! Kata kulia!"

Kamba ikalegea, imekatwa upande wa Kheir. Boti ya Kheir, imepata wepesi, ikachupa na kwenda zake.

Kasikia kata, hakusikia kulia, Riyama aliwaza. Yarabi, nimejiua kwa ulimi wangu. Kwa watu wa vyombo kukata ni kugeuza, lakini mwenye kisu mkononi na hofu moyoni husikia mengine.

Hakupata muda wa kuwaza zaidi. Mlio ulikuwa kama mashine ya kukunia nazi iliyowekwa sikioni. Upepo ukapiga kutoka kushoto, ukapiga kutoka kulia, kisha ukapiga kutoka kila mahali. Matone yalichoma uso. Miiko na vifuniko vya masufuria viliruka, na kimoja kikamchana Nusrat pajani. Boti ikanyanyuka ubavu mmoja, ikasita, ikapinduka.

Riyama aliibuka akitapika maji ya chumvi. Chamchela ilikuwa imeshawapita. Ilikonda, ikakatika katikati, ikatoweka, na mvua ya matone makubwa ikaanza kunya. Alimwona Nusrat amekumbatia sufuria la pilau linaloelea. Akamvuta kwa nguo, wakapanda juu ya tumbo la boti iliyolala kifudifudi.

"Nionyeshe jeraha."

"Usiliguse!"

"Nusrat, unatoka damu nyingi. Niachie."

Alilifunga kwa mtandio, akakaza mpaka wifi yake akapiga ukelele. Kisha akalikinga sufuria mvuani. Wakanywa maji yenye harufu ya bizari na kitunguu, na hayakuwahi kuonekana maji matamu kama yale.

Mvua ilipokatika waliona ufuko wa Bumbwini ukirudi nyuma. Maji yalikuwa yanatoka, nayo yaliwachukua kuelekea bara, na kati yao na bara hapakuwa na kitu ila bahari. Riyama alipiga kasia kwa kifuniko. Mikono ilipochubuka alikipokea Nusrat, akapiga akiwa amelala, mguu wake umenyooka kwa maumivu. Minazi ilizidi kuwa midogo.

"Kheir ataleta watu," Riyama alisema. "Kosa langu. Nikimwona nitamwomba radhi. Sijui atajisikiaje, maskini, kudhani katuua kwa kunisikia mimi vibaya."

Nusrat aliacha kupiga kasia.

"Usimwombe radhi."

"Mimi ndiye niliyesema kata."

"Kisu alikitoa kabla hujafungua mdomo wako. Nnamtazama. Kageuka, kanitazama na yeye, mimi mkewe, macho kwa macho. Kisha ndiyo akakata." Alikuwa analia bila sauti. "Nilitaka kukuacha udhani ni bahati mbaya. Yule mume wangu. Lakini kumwomba radhi? Hapana, wifi."

Riyama alichukua kifuniko, akapiga kasia kwa hasira mpaka damu ya viganja ikachuruzika. Aliumia kuliko alivyoumia siku ya kuwazika wazazi wake, maana wale hawakutaka kumwacha.

Jua lilikuwa limeelekea magharibi alipotokea mvuvi mmoja, Ame, na mashua yake ya mashine. Alikuwa anakwenda kutega madema ya samaki. Alipowaona alitamka shahada, kisha akasogea taratibu kama mtu asiyeamini.

"Nyinyi si mshakufa?"

"Nani kasema?" Riyama aliuliza.

"Kaka yenu, yuko pale pwani. Tulitaka kutoka kutafuta, akatwambia hapana haja, kawaona mkizama kwa macho yake."

Nusrat aliangua kicheko kimoja kibaya, wakapanda mashuani.

Pwani Kheir alikuwa amekaa juu ya jamvi, kajifunika kanga ya watu, kikombe cha chai mkononi, akipokea pole. Alipowaona alikiangusha kile kikombe. Akaja mbio huku analia, na machozi yale, Mungu ndiye ajuaye, huenda yalikuwa ya kweli.

"Riyama! Mwenyewe ulinambia kata! Waambie watu, si ulinambia?"

Watu wote wakamgeukia Riyama. Bi Sichana, mwenye ile kanga, akamuuliza kwa upole, "Kweli, mwanangu, ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Kheir alishusha pumzi. Alikunjua mikono kumkumbatia dada yake. Nusrat akajitia katikati, akichechemea.

"Na mimi?" alisema. "Ulinitazama, Kheir. Mimi nilikwambia nini?"

Kheir aliutazama mchanga. Bi Sichana alisogea, akaichukua kanga yake kutoka mabegani mwa Kheir, akamfunika nayo Nusrat.

Riyama akamshika wifi yake kwapani, wakaanza kupanda ufuko.

"Riyama!" Kheir aliita.

Tangu utotoni, kaka yake akimwita, Riyama huitika naam kabla jina halijamalizika. Kheir aliita tena, sauti imekatika. Riyama alimgeukia Ame, akamuuliza wapi watapata gari ya kwenda hospitali.