Mke wa Serikali

"Malam, wanasema nimeshaolewa. Na nani?"

Hivyo ndivyo Kande alivyoniambia kwenye simu siku ya harusi yetu, ile ya gavana ya kuozesha wajane kwa pamoja.

Mimi nilikuwa nimekaa msikitini kati ya mabwana harusi wenzangu, wote tumevaa kanzu nyeupe za serikali, kofia za serikali, hata manukato tuliyopuliziwa mlangoni yalikuwa ya serikali. Yeye alikuwa upande wa pili wa mji, kwenye ukumbi wa wanawake, hina mkononi. Kwetu bibi harusi hakai mahali ndoa inapofungwa. Walii wake ndiye anayesema kwa niaba yake.

"Labda wametaja Kande mwingine," nilimwambia, ingawa na mimi nilikuwa nimesikia.

"Kande binti Audu, muuza bajia, mtaa wa Wanzamai. Yuko mwingine? Redio imesema nimeozwa Shitu. Wenzangu wananipigia vigelegele hapa. Shitu ndiye nani, Malam?"

Shitu nilimjua. Ni kijana wa kutumwa wa mwenyekiti wa wilaya, yule anayebandika picha za uchaguzi kwenye kuta za watu. Ana wake wawili nyumbani na hajui watoto wake wanakula nini.

Nikasimama. Mlinzi wa maadili, sare ya kijani, akanishika bega.

"Kaa chini, mzee. Kamera inapita."

"Mchumba wangu ameozwa mtu mwingine!"

"Kaa, utapata wako. Majina bado mengi."

Utapata wako! Kama vile tumepanga foleni ya mbolea.

Ngoja niwaambie nilifikaje pale. Mimi Rabe, na hilo Malam ni kama kusema bwana tu, nasukuma mkokoteni wa maji, madumu yangu nauza nyumba kwa nyumba. Mke wangu Hansai alifariki akijifungua. Hospitali walisema damu hakuna. Mwaka huohuo serikali ilipeleka watu hija bure, ndege nzima, na waliopanda ni shemeji za wakubwa. Mtu akiniambia serikali yetu ni ya dini, huwa namuuliza dini ya nani.

Baada ya Hansai nilikaa mgane muda mrefu. Maji ya kulowekea kunde za Kande nilikuwa nampelekea mimi kila alfajiri. Yeye naye mjane, mumewe alikufa barabarani na lori la vitunguu. Mwanzo tulikuwa tunagombana tu.

"Dumu lako halijajaa, Malam."

"Na bajia zako zimepungua ukubwa, Mama. Tumelingana."

Siku moja akanipa bajia tano na pilipili, nikatoa hela, akanirudishia.

"Leo kula tu."

"Kwa nini?"

"Unakula kama mtu asiyepikiwa. Inanikera."

Basi, mapenzi yetu yalianzia hapo. Hatukuwa watoto wa kuandikiana mashairi. Tulikwenda kwa Imamu Lawan wa mtaani kwetu, akacheka, akafurahi kweli.

"Ninyi watu wazima," alisema. "Walii awepo, mashahidi wawili, mahari hata kidogo. Na mjane hasemewi, lazima atamke mwenyewe kwamba amekubali. Umekubali, Kande?"

"Nisingekubali ningekuja kukaa juani hapa?"

"Basi njooni Ijumaa."

Ijumaa ile haikufika, kwa sababu ya Ilu. Huyu ni kaka yake Kande, ndiye walii, kijana hana kazi.

"Mna haraka gani?" alisema. "Gavana anaozesha wajane jimbo zima. Mahari analipa yeye. Anatoa kitanda, godoro, kabati, sufuria. Mnakataa neema?"

"Kitanda ninacho, Ilu," Kande akamjibu.

"Cha marehemu."

"Kwani marehemu kaondoka nacho?"

Lakini walii akinuna hakuna ndoa. Tukajiandikisha. Tukapimwa damu, tukapigwa picha, tukasubiri. Mara gavana kasafiri, mara anasubiriwa mgeni kutoka Abuja. Mwenyekiti wa wilaya akapita kwangu, akataka nibandike picha yake kwenye mkokoteni. Nikamwambia, Alhaji, maji haya wananunua wa vyama vyote. Akacheka, akaondoka. Nikadhani yameisha.

Turudi siku ile. Nilitoka msikitini nikimsukuma yule mlinzi, na nje ya mlango nikakutana na Ilu. Amevaa sare ya kijani, mpya, bado ina mikunjo ya kufungashwa.

Nikamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Ilu. Hiyo sare?"

"Nimeanza leo."

"Umeanza leo. Na leo dada yako kaozwa Shitu."

Akaangalia chini.

"Malam, usinielewe vibaya. Shitu alitaka mjane mwenye biashara. Mwenyekiti akaniita, akasema nafasi ya ulinzi ipo. Wewe ulimkatalia picha. Ningefanyaje?"

"Ungemuuliza dada yako."

"Angekataa."

Alisema hivyo hivyo, bila haya. Angekataa, ndiyo maana hakumuuliza.

Kande alifika kwa bodaboda, vitenge vya serikali vimemwanguka begani, na tukaenda moja kwa moja kwa Imamu Lawan, maana ndiye aliyesoma ndoa zile kwenye kipaza sauti. Tulimkuta nyumbani kwake, majina yameisha, anavua kilemba. Hakutaka kututazama.

"Imamu," Kande alianza, "mimi nimetamka lini kumkubali Shitu?"

"Kande, walinipa majina nikasoma."

"Nakuuliza kitu kimoja tu. Mimi nimeolewa au sijaolewa?"

Mzee akasema polepole, kama anayeng'olewa jino:

"Kwa Mungu hujaolewa. Kwa serikali umeolewa."

"Sasa nilale wapi? Kwa Mungu au kwa serikali?"

Mimi nikadakia. "Kama kwa Mungu bado, tufungishe sasa hivi. Mimi hapa, yeye huyu hapa. Mashahidi naita barabarani."

"Rabe, nitafungwa. Wataniambia nimemwoza mke wa mtu."

"Basi panda kwenye kipaza sauti useme ile ya Shitu ni batili. Si ulitufundisha wewe mwenyewe?"

"Mshahara wangu unatoka kwao. Nyumba hii ni yao. Zamani nilikuwa nakula sadaka zenu, njaa ilikuwepo, lakini..."

"Lakini ulikuwa imamu," Kande alimmalizia.

Mzee akalia. Machozi yake hayakutusaidia chochote.

Nikauliza, basi Shitu atoe talaka? Hapana. Ndoa za serikali hazivunjwi bila kibali cha bodi ya walinzi wa maadili, na bodi haitoi kibali, kwa sababu gavana ameshatangaza redioni kwamba ndoa zake zote zimetulia na zina upendo. Zikianza kuvunjika atasema nini kwenye kampeni?

Jioni Shitu alikuja kumchukua mkewe pamoja na walinzi, Ilu akiwa nyuma yao. Walimkuta Kande mbele ya karai la mafuta yanayochemka, mwiko mkononi.

"Inuka, bibi harusi," Shitu akasema. "Gari inangoja."

"Sogea karibu."

"Nini?"

"Sogea, nikukaange pande zote mbili. Na wewe Ilu usijifiche, unga wa kukupaka upo."

Watu wakacheka mtaa mzima. Shitu akasonya, akarudi nyuma, akaondoka na kile alichokitaka zaidi: kitanda, godoro, kabati na sufuria vya gavana, vilivyokuwa garini. Nasikia godoro aliliuza kabla halijatolewa nailoni.

Nilidhani tumeshinda. Alfajiri yake, natayarisha madumu, ujumbe ukaingia kwenye simu:

"Malam usije na maji. Wamekaa hapa mlangoni. Wanasema mke wa mtu haletewi maji na mwanamume. Nimelia ila usije wakakuumiza."

Nikalimwaga dumu langu la kwanza pale pale chini. Hasira tu.

Tangu hapo maji yake anapelekewa na mama wa jirani. Mimi naruhusiwa kuwa mteja. Mteja hakatazwi. Nasimama barabarani, nanunua, mlinzi anatutazama midomo kama tunapanga mapinduzi.

"Bajia ngapi, Malam?"

"Kama kawaida, Mama."

"Pilipili?"

"Nyingi."

Ndiyo mapenzi tuliyobakiziwa.

Sasa uchaguzi umekaribia tena. Juzi nimesimama pale, Imamu Lawan akaja na bakuli lake, kanzu mpya, amenenepa kidogo. Akanivuta pembeni, lakini kwa sauti ambayo Kande aliisikia.

"Rabe, mwenyekiti amenituma. Kuna harusi nyingine ya wajane mwaka huu. Jiandikishe, atakutafutia mwingine. Yaishe."

"Mwingine wa nini, Imamu?"

"Mke."

Nikahesabu hela yangu ya bajia. Imamu akageuka kwa Kande, akanyoosha bakuli.

"Niwekee na mimi za moto, binti yangu."

Karai lilikuwa limejaa. Bajia zilikuwa zinaelea, nyekundu, zinaita. Kande akazigeuza bila haraka.

"Kwa Mungu zipo," akasema. "Kwa serikali zimeisha."

Hata mlinzi aliangalia pembeni. Imamu alibaki amenyoosha bakuli tupu, halafu akalificha ndani ya kanzu kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi, akaenda zake.

Kande akanifungia zangu kwenye gazeti, pilipili juu. Vidole vyetu havikugusana, mlinzi alikuwa ameshageuka tena. Gazeti lenyewe lilikuwa na picha ya gavana anacheka katikati ya mabibi harusi.

"Kesho tena, Malam?"

"Kesho tena."

Nikalipa kama mteja, nikaondoka kama mteja.