Kidevu cha Kwenye Picha

— Nataka niwe kama huyu, daktari.

Binti fundi cherehani alimsogezea daktari wa upasuaji simu yake. Mchumba wake, mpiga picha za harusi, alichungulia kutoka kiti cha pembeni, akaitambua papo hapo. Ilikuwa picha ya uchumba wao, ile aliyoirekebisha mwenyewe kwenye kompyuta kabla ya kuiweka mtandaoni.

— Huyu ni ndugu yako? — daktari aliuliza.

— Ni mimi. Taya la chini limerudishwa ndani, kidevu kimepunguzwa. Mwenzangu hapa ndiye aliyenipasua kwanza.

Jamani, aibu! Jamaa alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku zote alijitetea kwamba ni mazoea ya kazi, mbona maharusi wote anawafuta chunusi? Lakini chunusi ni chunusi. Hapa alikuwa amemfuta mtu.

— Ukitafuna unaumia? — daktari aliendelea.

— Hapana.

— Meno yanakutana?

— Vizuri tu.

— Sasa nikukate mfupa kwa ajili ya nani?

Binti alimgeukia mchumba wake.

— Mama yako alipoiona alinitumia meseji: "Mkwe, kumbe u mzuri hivi! Mbona siku ile ulipokuja nyumbani hukuwa hivi?" Nililia mpaka basi. Niambie mbele ya daktari, ulinionea aibu?

Uongo ulimjaa jamaa mdomoni: mwanga ulikuwa mbaya, kompyuta ilifanya yenyewe. Akaumeza.

— Nilikuonea aibu, — alisema. — Tukiwa wawili sioni aibu hata kidogo. Niliogopa watu. Mama, wateja, wale wa mitandaoni. Sikutaka wakucheke.

— Kwa hiyo ukaanza wewe.

Mwanaume mzima, kamera begani, machozi yakamtoka. Daktari akajifanya anatafuta kalamu.

Binti alichukua simu yake, akasimama.

— Samahani daktari, nimekupotezea muda. Nikija kukatwa siku nyingine, nitakuja kwa hiari yangu, tena peke yangu.

Jamaa alimkimbilia kwenye korido, mbele ya wagonjwa waliopanga foleni.

— Nisamehe, mpenzi. Leo hii naiweka mtandaoni ile halisi, mama aione, na dunia nzima iione.

— Weka.

— Na harusi yetu je?

Binti alimtazama, hasira na mapenzi vikigombana usoni.

— Ipo. Nakupenda, mjinga wewe. Ila picha za siku hiyo hutazigusa. Hata moja.