Koti la Baba

Shemeji yangu, mume wa dada ninayeishi kwake, ni seremala. Karakana yake iko nyuma ya duka la mbao, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Akirudi jioni, mtoto wake humsikia kabla sisi hatujamwona. Huacha uji, hukimbia mlangoni na kujitupa kifuani mwa baba yake. Siku zile kichwa chote kilikuwa kikizama ndani ya koti la kazi.

"Leo umetengeneza nini?"

"Kabati."

"Lina milango mingapi?"

"Miwili."

"Kwa nini si mitatu?"

Ndiyo maana tunamwita Chiriku. Ana miaka minne, na mdomo wake haupumziki.

Koti lenyewe lilikuwa la bluu, zito, lenye mifuko mikubwa. Mifukoni mlikaa penseli, vipande vya msasa na maranda. Usiku Chiriku hakulala bila koti hilo. Alijifunika nalo mpaka puani.

"Linanukia baba," alisema.

Alfajiri baba yake alilichukua polepole, akamfunika shuka, akaenda kazini. Sisi tuliona ni upendo. Na kweli ulikuwa upendo.

Kisha Chiriku akaanza kukohoa. Kifua chake kililia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Dada yangu, yaani mama yake, alisema ni upepo. Akaziba dirisha kwa ubao. Kikohozi hakikupungua. Asubuhi moja mtoto alimwita baba yake, akasema, "Baba, lile kabati..." Hakuweza kumaliza. Kila alipovuta pumzi, ngozi katikati ya mbavu ilibonyea ndani. Tulimbeba, tukaenda naye hospitali mbio.

Daktari alisema ni pumu. Alimtibu mpaka akatulia. Akatupatia dawa ya kuvuta kwa mdomo pamoja na chombo chake cha plastiki, akatufundisha kuitumia. Akauliza, "Nyumbani kuna moshi?"

"Tunapikia nje," dada alijibu. "Na hakuna anayevuta sigara."

"Basi kuna kitu kingine. Nitamwomba mhudumu wa afya wa mtaa wenu aje aone."

Kabla mhudumu hajaja, alikuja bibi, mama yake shemeji. Alimtazama mjukuu, akatazama ule ubao dirishani, akamtazama dada.

"Kwangu mtoto huyu hakohoi," alisema.

"Mama, tumempeleka hospitali."

"Mimi simsemi mtu. Nasema nilichokiona. Akija kwangu anapona. Akirudi kwenu anaugua."

Dada aliuma mdomo. Shemeji aliinamisha kichwa.

"Mwezi huu ukiisha nitarudi," bibi aliendelea. "Nikikuta bado anakohoa, naondoka naye. Atakaa kwangu mpaka aanze shule."

Kwa bibi ni mbali. Shemeji angemwona mwanawe mara chache mno kwa mwaka. Jioni ile alikaa na Chiriku mapajani. Alimfunika koti vizuri zaidi.

Mhudumu wa afya alikuja siku ambayo shemeji hakwenda kazini. Watu wanamwita Bi Taratibu, kwa sababu hajui kuharakisha jambo. Alikaa mkekani, akaomba chai, akaanza maswali. Mtoto analala wapi? Anakohoa zaidi wakati gani? Kuna mahali akienda hakohoi?

"Kwa bibi yake," shemeji alijibu kwa unyonge.

"Hata huko," dada alidakia. "Safari ya mwisho nilipomfuata, nilimkuta anakohoa hata kwa bibi. Mwenyewe haitaji safari hiyo."

Alisema hivyo kama aliyefunga bao. Mungu amsamehe, alifurahi kidogo.

"Safari hiyo kulikuwa na tofauti gani?" Bi Taratibu aliuliza.

Nikakumbuka jinsi tulivyomfungia mzigo wake.

"Safari hiyo alilia sana," nikasema. "Shemeji akampa koti lake aende nalo. Yeye akafanya kazi na shati kuukuu."

Bi Taratibu aligeuka. Koti lilikuwa juu ya kitanda, na Chiriku alikuwa amelala juu yake.

"Hilo?"

"Hilo."

Chumba chetu kilikuwa na giza kwa sababu ya ubao dirishani. Lakini kwenye bati kuna tundu la msumari. Jua likipanda, mwali mwembamba hushuka mpaka sakafuni, umenyooka kama fimbo. Tuliuona kila siku. Hatukuwahi kuuangalia.

"Fundi," alisema Bi Taratibu, "lete koti lako hapa kwenye mwanga. Lipige kofi. Moja tu, taratibu."

Shemeji alicheka. "Limekosa nini?"

"Lipige."

Akalipiga.

Ule mwali ukawaka. Sijui niseme vipi. Kilichokuwa fimbo ya mwanga kilijaa vitu vilivyo hai, au vilivyofanana na vilivyo hai. Vilipanda, vikazunguka, vikapishana, maelfu kwa maelfu. Vingine viling'aa kama dhahabu. Vilitoka gizani, vikapita kwenye mwanga, vikaingia tena gizani, na tukaelewa kwamba gizani navyo vimo. Vilikuwa mbele ya nyuso zetu na juu ya vikombe vyetu. Chumba kizima kilikuwa kimejaa, na mwanga ulituonyesha sehemu ndogo tu.

"Baba," Chiriku alinong'ona. "Nyota."

Alinyoosha mkono, akafungua mdomo avidake. Dada alimvuta haraka, akamziba pua kwa kiganja.

"Tusubiri vitulie," Bi Taratibu alisema.

Tulisubiri. Chai ilipoa, na vumbi lilikuwa bado linaelea.

"Mavumbi hayo mnayoyaona ndiyo makubwa," alisema hatimaye. "Yapo madogo zaidi, jicho haliyaoni. Hayo ndiyo yanayofika mbali kifuani."

"Lakini hii ni mbao," shemeji alisema. "Mbao si sumu. Mimi naivuta miaka yote."

"Na asubuhi hukohoi?"

"Ah, kile kikohozi ni cha ufundi. Kila fundi anacho."

"Ndiyo maana nasema, fundi."

Bi Taratibu akamwambia amweke mtoto mapajani. Mkono mmoja auweke kwenye kifua chake mwenyewe, mwingine kwenye kifua cha mwanawe. Afumbe macho, apumue kama kawaida.

Nilimwona uso wake ukibadilika.

"Anakimbia," alisema. "Mimi sijamaliza pumzi moja, yeye yuko kwenye nyingine."

"Watoto wote wako hivyo. Mwili unakua, unataka hewa nyingi. Kwa ukubwa wake anavuta zaidi kuliko wewe, kwa hiyo na vumbi anavuta zaidi." Akachora kwa kidole sakafuni. Alichora shina, likagawanyika matawi, matawi yakawa vijiti. "Mapafu yako ni kama mti uliopinduliwa. Hewa inapita katika shina, katika matawi, mpaka kwenye vijiti vyembamba kuliko uzi. Kila mtu ana mti huo kifuani. Wa Chiriku ni mdogo na bado unakua. Vumbi likimwingia mwenye pumu, njia zile zinavimba na kujaa makohozi. Njia ya uzi ikivimba, inabaki nini?"

Dada alijigusa kifua. Hata mimi niligusa changu. Nimeishi na mti huo tangu kuzaliwa, sikuwahi kuambiwa.

"Kwa hiyo ni mimi," shemeji alisema polepole. "Ninayemnyima pumzi ni mimi."

"Si wewe. Ni vumbi. Ukipita kwenye nyasi, mbegu zinang'ang'ania suruali. Umezipanda wewe? Unazibeba tu. Basi acha kuzibeba."

Shemeji alilitazama koti. "Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe walikuwa wananisema mimi."

Bi Taratibu akatueleza la kufanya. Nguo za kazi zibaki karakana, au zivuliwe nje. Zisikung'utwe ndani, na zifuliwe peke yake. Baba anawe, abadili nguo, ndipo ambebe mtoto. Ndani tupige deki, tusifagie pakavu. Ubao utoke dirishani. Akipiga msasa, afanyie mahali penye hewa na avae barakoa nzuri ya vumbi. Mtoto asikae karibu na msasa wala vanishi.

"Na dawa asiache mpaka daktari aseme," aliongeza. "Kuondoa vumbi hakufuti dawa. Mkiona mbavu zinabonyea tena, au hawezi kuongea wala kunywa, au midomo inageuka rangi, mpeni dawa ya kuvuta kama mlivyofundishwa, mkiwa njiani kwenda hospitali. Msinisubiri mimi."

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Chiriku alililia koti. Shemeji naye alifika jioni, akasimama uani na ndoo yake kama ng'ombe anayesubiri josho la kupe. Majirani walimcheka.

"Shemeji," aliniita kutoka nje, "leo naruhusiwa kuingia, au mpaka nionyeshe kitambulisho?"

"Nyuma ya masikio bado," dada alidakia.

"Dada yako hakuwa mkali hivi tulipooana."

Dawa ya kilio cha mtoto aliipata shemeji mwenyewe. Akishaoga, alivaa fulana moja nyeupe iliyofuliwa. Alikaa nayo jioni nzima, mtoto akimsumbua kwa maswali. Wakati wa kulala aliivua, akampa. Chiriku aliinusa kwa makini, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Hii ni baba," alikubali.

Jioni moja mvua ilimfukuza shemeji, akaingia ndani moja kwa moja na koti. Kifua cha mtoto kililia tena usiku ule. Dawa ikamtuliza. Tangu hapo koti halikuvuka mlango, iwe mvua iwe jua.

Mwezi ulipoisha bibi alifika asubuhi na begi tupu. Hakuomba hata maji. Alimkalisha mjukuu kwenye mkeka, akaweka sikio mgongoni kwake. Shemeji alisimama mlangoni, ameshika kizingiti kwa mikono miwili.

Bibi alisikiliza kwa muda mrefu. Akahamisha sikio upande wa pili.

"Sisikii kitu," alisema.

Dirisha lilikuwa wazi, lakini mwali wa kwenye bati ulionekana bado. Punje chache zilikuwa zikielea humo. Chiriku alimshika bibi mkono, akamvuta karibu.

"Bibi, ona. Hizi zilikuwa nyingi. Zilikuwa zinanilalia kifuani. Nina mti humu, unajua? Hata wewe unao. Wako umepinduka."

"Nani kasema?"

Chiriku alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akapuliza kwenye mwanga. Alipuliza taratibu, bila kukohoa, pumzi ndefu ambayo hatukujua kama anayo. Punje zilikimbia zote, mwali ukabaki mtupu.

Bibi aliutazama mwanga ule, akamtazama mtoto, akajiwekea kiganja kifuani.

"Mkwe wangu," alimwambia dada, "niwekee chai. Na hilo begi litundike mahali. Nitalala hapa siku mbili tatu."

Shemeji aliachia kizingiti.

"Baba," Chiriku alisema, "lile kabati lina milango mingapi?"