Kopo la Vifungo

Fundi cherehani alikuwa akipiga pindo la sketi wakati binti yake aliporudi kutoka shuleni na karatasi mkononi. Watu walimwita binti huyo Sindano, kwa wembamba wake na kwa maswali yake yanayochoma. Karatasi ilikuwa na maswali matatu. Nyumbani mko wangapi? Bibi na babu walizaliwa wapi? Walihamia hapa kwa nini?

Fundi alisimamisha cherehani. Akauliza ni nani anayetaka kujua. Sindano akasema ni mwalimu wa jiografia. Wanasoma habari za watu wa nchi yao, na kila nyumba yenye mwanafunzi ipeleke shuleni kifungo kimoja kwa kila mtu anayeishi humo.

Fundi hakuamini hata kidogo. Leo wanauliza mmetoka wapi, kesho watasema mrudi huko. Na katika chumba cha nyuma alikuwamo mama yake, aliyevuka mpaka akiwa msichana, na hakuwa na cheti chochote. Mgeni akibisha hodi, bibi alijua kazi yake: kunyamaza. Hata makarani wa sensa iliyopita waliambiwa humu wanaishi watu watatu. Walikuwa sita.

"Andika watatu," fundi akasema. "Na sote tumezaliwa hapa hapa."

"Na bibi?"

"Bibi gani?"

Sindano aliandika. Lakini alimtazama baba yake kwa jicho ambalo fundi hakulipenda.

Kesho yake fundi hakutulia. Alishona mfuko wa suruali ya mteja, ukawa nje ndani. Mwishowe akafunga kibanda chake cha kushonea, akaenda shuleni kumwona huyo mwalimu mwenyewe.

Alimkuta ukumbini na wanafunzi, mwanamke mfupi mwenye viganja vyeupe kwa chaki. Alikuwa amechora mji mzima sakafuni: reli, kiwanda cha pamba na mitaa yote. Nyuzi zilitoka kila pembe ya ukumbi hadi katikati ya mchoro. Kila uzi ulikuwa safari ya babu au bibi wa mwanafunzi. Mwalimu akaeleza kuwa kabla ya reli hapa palikuwa na nyumba chache tu. Kiwanda kilipofunguliwa, watu wakaja kutafuta kazi. Wengine walikimbia ukame.

"Uzi huu mrefu ni wa babu yangu," akasema.

Anatulainisha huyu, fundi alijisemea, akabaki mlangoni.

Kisha mwalimu akahesabu vifungo vilivyopangwa juu ya mtaa wa fundi. Vilikuwa arobaini na kimoja. Akawaita watoto wa mtaa huo, wa madarasa yote, wasimame juu ya mchoro. Walifika sitini na watatu, wakakanyagana. Na wazazi wao walikuwa hawajahesabiwa.

Ukumbi mzima ulicheka. Fundi aliona aibu. Kumbe hakuwa mwongo peke yake.

"Tuseme tuna bomba moja jipya la maji," mwalimu akauliza. "Kwa vifungo hivi, tuliweke wapi?"

Watoto wakaonyesha mtaa wa stesheni, ambako vifungo vilijaa. Fundi akakumbuka foleni ya ndoo mlangoni pake, na mgongo wa mkewe unaouma kila jioni. Miaka yote alilalamika kuwa mtaa wao umesahauliwa.

Watoto walipotoka, alimfuata mwalimu. "Hizi karatasi unampelekea nani?"

"Hazitoki hapa. Hazina jina la mtu, na somo likiisha tunazichana."

"Na karani wa sensa?"

"Sheria inamkataza kutoa siri za mtu. Anahesabu kila aliyelala ndani ya nyumba usiku wa sensa, mwenye cheti na asiye nacho. Kwa idadi hiyo hupangwa bomba, zahanati na madarasa. Una haki ya kuuliza, Fundi. Muulize na yeye, akuonyeshe kitambulisho."

Fundi alirudi nyumbani, shaka imepungua lakini haijaisha. Akachukua kopo la vifungo, akaliweka mbele ya mama yake. "Mama, chagua chako."

Bibi alipekua kwa muda. Akatoa kimoja cha matundu manne. "Hiki hakitoki kirahisi," akasema.

Mwaka uliofuata karani wa sensa alibisha hodi. Fundi alisoma kitambulisho chake mbele na nyuma, akakigeuza tena. Karani akauliza wangapi walilala humo. Kabla fundi hajafungua kinywa, sauti ikatoka chumba cha nyuma.

"Sita. Na mimi nimo."

Watoto walikuwa wamesimulia hesabu ya vifungo kila nyumba, na mtaa mzima ulisema kweli safari hiyo. Haikuwa leo wala kesho, lakini mabomba mawili yalikuja. Siku maji yalipofunguliwa, bibi alitoka nje mchana kweupe na ndoo yake ndogo, akasimama kwenye foleni. Ilikuwa foleni fupi.