Namba Mgongoni mwa Shati

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimsaidia mama yake, dobi wa mtaa, kuchambua nguo chafu: nyeupe huku, za rangi kule. Nyumbani kwao doa lilikuwa adui. Ukiliona unalishughulikia, maswali baadaye.

Jumamosi moja bibi alifungua sanduku, akampa shati kuukuu la kijeshi. "Lianike tu lipate hewa. Jioni tunamkumbuka babu yako."

Babu alikuwa askari. Alitekwa vitani, akafia kwenye kambi ya mateka. Mwenzake aliyeachiliwa ndiye aliyelileta shati hilo. Kaburi la babu hakuna aliyelijua.

Chiriku akaona wino mweusi mgongoni, umefifia. "Doa kama hili linishinde mimi, mtoto wa dobi?" Akatia dawa ya madoa, akasugua mpaka pakatakata. Kisha akalianika, akajisifu.

Mama akapita na ndoo, haraka zake zile zile. "Uliiona ile namba waliyompa kambini? Bibi yako kila mwaka huanza kwa kuigusa."

Mungu wangu! Chiriku akaligeuza shati; hakuna hata alama. Aiandike upya? Hata tarakimu hakuzisoma. Aseme mvua imeifuta? Jua linawaka! Akajibanza nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, akiomba jioni isifike. Jioni ikafika.

"We Chiriku! Lete shati!" Bibi akaita.

Chiriku akalianua, akaenda nalo. Akapiga magoti mbele ya bibi.

"Bibi, nisamehe. Nilidhani ni doa. Nimeifuta namba ya babu."

Bibi akaligeuza shati, akapapasa pale palipokuwa na namba. Machozi yakamdondoka.

"Umeniumiza, mjukuu wangu, sikufichi," akasema. "Nilikwambia uanike, ukajifanya fundi. Siku nyingine uliza kwanza. Lakini umekuja mwenyewe kuniambia. Ungenidanganya, ningelia mara mbili."

"Sasa tutaanza na nini, Bibi?"

Bibi akajipangusa uso, akamshika mkono. "Ile namba alipewa na waliomfunga. Nyumbani alikuwa na jina. Anza wewe, ulitaje kwa sauti."

Chiriku akameza mate, akalitaja jina la babu yake. Bibi akaitika kwa niaba ya marehemu.