Bei Moja Dunia Nzima

Jirani zangu, nataka kuwasimulia habari za nyumba ninayopakana nayo ukuta, ile yenye dirisha la kijani. Wengi wenu mnaipita kila siku na hamjui yaliyotokea humo.

Asubuhi, nikiwa nasugua masufuria, nilizoea kusikia sauti kutoka ng'ambo ya ukuta. Sauti kavu, ya haraka, isiyovuta pumzi. Ilikuwa programu ya kompyuta inayomsomea maandishi dada mmoja asiyeona. Tulimpa jina la Sikio, naye aliliitikia kwa kicheko, hata barua zake akawa anazimalizia kwa jina hilo. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuipiga chapa. Kila herufi aliyobonyeza, sauti ilimtajia, na akikosea ilimuumbua papo hapo.

"Huyu ndiye mume wangu," aliniambia siku moja. "Ana maneno mengi, lakini hadanganyi."

Aliishi na mdogo wake wa kiume, fundi wa majokofu, pamoja na mke wa mdogo wake. Alikuwa pia na rafiki wa kike anayeishi mbali, aliyelala naye chumba kimoja walipokuwa shuleni. Rafiki huyo haoni wala hasikii. Anasoma kwa vidole, kwenye kifaa cha kompyuta kinachoinua vinukta vya breli. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpigia simu. Waliandikiana kwa kompyuta, na barua hizo ndizo zilikuwa mazungumzo yao yote.

Balaa lilianza kwa wema. Mdogo wake aliona kompyuta inaomba kuboreshwa, bure kabisa, akabonyeza kukubali. Kompyuta ikazimika, ikawaka upya, na sauti haikurudi. Fundi wa kompyuta aliyeitwa alishindwa kuirudisha ilivyokuwa. Programu ya zamani haikuweza tena kufanya kazi humo. Lilihitajika toleo jipya, na toleo jipya linauzwa.

Sikio akampigia simu wakala anayeiuza.

"Bei ni moja dunia nzima, mama," wakala alisema kwa upole. "Hatumbagui mtu."

"Na mshahara je, nao ni mmoja dunia nzima?"

Wakala alikohoa kidogo. "Hilo liko juu ya uwezo wangu."

Bei yenyewe ingemeza mishahara yake ya nusu mwaka. Sisi tunaoona, tukinunua kompyuta tunapewa na kioo chake. Yeye anaambiwa anunue kioo chake, yaani ile sauti, upya kila wakubwa wanapobadilisha mambo. Nikilifikiria hilo, damu inanichemka.

Nyumbani hawakuona kama ni jambo kubwa.

"Dada, si tupo?" mdogo wake alisema, macho yakiwa kwenye televisheni yake mpya. "Tutakusomea."

Wakamsomea kweli, kama wasomavyo watu wenye haraka.

"Wifi, rafiki yangu kaandika nini?"

"Salamu tu. Na mambo ya kompyuta mengi mengi. Nitakusomea baadaye, mboga inaungua."

Hiyo baadaye haikufika. Sikio akaona haya kuuliza tena. Mtu mzima kuomba asomewe barua yake mwenyewe ni unyonge, na alianza kushinda chumbani, mlango umerudishwa.

Kazi hakutaka kuiacha. Vidole vinajua njia, alijiambia, akapiga chapa mkutano mzima bila sauti. Kwenye kibodi kuna vinundu viwili vinavyoonyesha pa kuweka vidole. Vyake vilikuwa vimelika zamani, na kwa kuwa sauti ilikuwepo, hakuwahi kuvijali. Siku ile mikono yake ilikaa herufi moja pembeni. Ukurasa baada ya ukurasa, hakuna neno lililosomeka. Wifi yake akautuma ofisini bila kuutazama.

Ofisi ilidhani amechanganyikiwa. Kazi akapewa mwingine.

Mdogo wake alipopata habari, alichomoa waya wa televisheni yake. Kesho yake akaiuza, akaongezea akiba yake, programu ikanunuliwa.

Nilikuwepo sauti iliporudi. Sikio alifungua kwanza barua za rafiki yake, na sote tukasikia:

"Wanataka ninunue toleo jipya la programu ya vinukta, na sina uwezo. Mwisho wa mwezi kifaa changu kinakatiwa huduma. Niandikie kabla ya hapo, hata mstari mmoja, nijue upo. Baada ya hapo sitakuwa na mtu."

Mwezi huo ulikuwa umepita zamani. Wifi yake akajifunika uso kwa khanga.

"Nilidhani ni mambo ya kompyuta," alisema.

"Ndiyo, wifi," Sikio akajibu. "Ni mambo ya kompyuta."

Alimwandikia siku hiyohiyo, na anaendelea kumwandikia. Asubuhi naisikia ile sauti ikimwambia, "Hakuna ujumbe mpya." Anabonyeza tena, nayo inamwambia tena.

Funzo la kwenda nalo nyumbani

Ninyi mnaouza, bei moja kwa watu wasio na kipato kimoja si usawa. Pangeni bei kwa uwezo wa mnunuzi alipo, na msikate sauti ya zamani kabla mtu hajaimudu mpya. Nasi wa majumbani, tusiguse kifaa cha mtu bila kumuuliza, na tukikubali kumsomea mtu, tumsomee yote.

Na kama jirani yako ni mwanamke asiyeona wala kusikia, ambaye kifaa chake kimezimika, mshike kiganja. Mwandikie humo kwa kidole, herufi mojamoja, kwamba Sikio yupo.